Helmeti ya Karatasi, Pesa ya Kweli

Tamasha la NAICCON likikaribia Nairobi, fundi wa helmeti za kosplei halali. Kazi yenyewe inataka subira: programu kama Pepakura Designer hutandaza umbo la helmeti liwe vipande bapa. Unapima kichwa cha mteja, unachapisha saiba kwenye karatasi nzito, kama ya gramu 200, kisha unakata, unakunja na kugundisha. Kila ukingo una namba. 14 hukutana na 14 mwenzake. Ukikosea mahali pamoja tu, helmeti nzima inapinda.

Sasa mteja amefika, ana haraka, anakuonyesha simu yake: "Nishatuma, ona meseji." Usimpe mzigo bado! Meseji feki yeyote anaweza kuiandika. Fanya vile ulivyofanya na karatasi: linganisha.

- Angalia salio kwenye simu yako, si yake.
- Soma jina, kiasi na saa.
- Chukua dipoziti kabla ya kuchapisha; wino na karatasi ni pesa yako.
- Akisema "nimezidisha, nirudishie", hakikisha kwanza kwamba pesa iliingia.

Kazi ya siku tatu isipotee kwa dakika moja.