Mzigo wa Ratili Sitini

Mpe mtu mzigo wa unga wa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, umwambie atembee nao. Kila jioni mpimie kibaba chake, ratili moja na nusu, kutoka mzigo huohuo. Utakwisha baada ya siku ngapi?

Swali hili nilimtupia rafiki yangu, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Bungoma, tukiwa steji ya Kitale tunangoja matatu ijae. Hakugusa simu. "Arobaini," akajibu. "Na hapo bado hajambebea tajiri hata sindano."

Yeye ndiye aliyeyaanza. Alikuwa ameona picha ya mgeni aliyepiga goti kando ya nyati huko Tanzania, bunduki imelazwa juu ya pembe, akataka kujua mchezo ule hugharimu pesa ngapi, na kama sisi wawili tungeumudu tukiuza ng'ombe wote wa kwao na mahindi yote ya kwetu. Jibu fupi ni hili: Tanzania safari ya simba huuzwa kwa siku 21, bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, na simba mwenyewe sharti awe ametimiza miaka sita. Ng'ombe wa kwao hawatoshi. Jibu refu linaanzia karibu na pale tulipokuwa tumesimama, kwa kuwa nchi hii iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia iliwahi kuwa kiwanja cha mchezo huo, na waliocheza walikuwa watu wa kuandika hesabu.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kufikia Novemba walikuwa uwanda wa Uasin Gishu, wakapiga kambi hadi Mto Nzoia. Huko wakakutana na Carl Akeley, fundi wa kukausha na kusimamisha wanyama wa makumbusho, ambaye alikuwa akitafuta tembo wa kupeleka New York. Roosevelt akamwangushia majike, Kermit akampiga ndama. Katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini New York kuna kundi la tembo wanane lililosimamishwa katikati ya ukumbi wenye jina la Akeley. Baadhi ya hao wa Nzoia wamo. Akeley naye hakuwa peke yake: alifuatana na John McCutcheon, mchora vibonzo wa Chicago, aliyekuja Afrika kuwinda na marafiki, wakapanda mpaka mapango ya Elgon.

Safari ya Roosevelt ilipokwisha mwaka 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama wakubwa 512. Baba 296, mwana 216. Humo mna simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Ukiongeza ndege, panya na viumbe wengine waliokusanywa na wataalamu waliofuatana nao, unapata kama vielelezo 11,400.

Hiyo 512 ndiyo hutajwa kila mahali. Kwangu mimi namba kubwa zaidi ni 200, kwa kuwa wapagazi wa msafara ule walizidi hapo.

Wapagazi 200 kwa kibaba kimoja kila mtu ni ratili 300 kwa siku. Hizo ni kilo 136, gunia moja na nusu la kilo 90, kila siku inayochwa. Kwa mwezi ni magunia 45. Mkulima wa Trans Nzoia akijaliwa magunia 20 kwa ekari, wapagazi wale wanamla zaidi ya ekari mbili kabla mwezi haujaandama. Na usidhani walishiba. Kibaba ni gramu kama 680, theluthi ya gorogoro, na mtu huyo ameshinda juani na kilo 27 kichwani.

Sasa geuza magunia hayo yawe mizigo. Chakula cha mwezi mmoja ni ratili 9,000, na 9,000 ukigawa kwa 60 ni mizigo 150. Maana yake, msafara wa watu 200 ukiondoka stoo na posho ya siku 30, watu 150 watakuwa wamebeba chakula na 50 tu ndio watakaobeba mahema, masanduku ya risasi, vitanda, vitabu na chupa za tajiri. Mwalimu aliponiona naandika haya kwenye bahasha alicheka: ni lile fumbo la tangi la maji linalovuja, akasema, ila hapa tangi ndilo linalokunywa.

Ndiyo sababu safari hizi ziligandamana na reli, zikatanguliza stoo za posho njiani, na panapopitika zikatumia magari ya ng'ombe. Ndiyo sababu pia bunduki ya bwana ilikuwa sufuria ya kambi: kila pofu aliyeanguka alikuwa kitoweo cha watu, na baadhi ya wale 512 waliishia tumboni mwa wapagazi. Msomaji akumbuke hilo kabla hajaihesabu namba yote kuwa tamaa ya damu. Tamaa ilikuwepo. Njaa nayo ilikuwepo.

Halafu kuna chumvi. Roosevelt alibeba tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi, na tani nne ni mizigo isiyopungua 130. Sehemu kubwa ya njia ilipanda treni, lakini treni haikufika kila kambi. Tembo wa Elgon wao hawahitaji mpagazi. Usiku huingia pango la Kitum, upande wa Kitale, wakipapasa gizani, na kuchimba mwamba wa chumvi kwa pembe zao. Wamefanya hivyo miaka mingi hata kuta za pango zimejaa alama za pembe.

Mshahara je? Mpagazi wa miaka ile alilipwa kama rupia 10 kwa mwezi. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa rupia 750, sawa na pauni 50. Gawanya. Mpagazi aliyetaka leseni ya bei ileile kwa mnyama ambaye ngozi yake ameibeba kichwani angelazimika kuweka mshahara wa miezi 75, asile, asivae, asioe: miaka sita na miezi mitatu. Ziko namba nyingi katika habari hii, lakini kwangu hii ndiyo iliyojenga uzio.  Bei peke yake ilitosha. Katika uwanda huohuo Roosevelt alitazama vijana wa Kinandi wakimzunguka simba na kummaliza kwa mikuki, kazi waliyokuwa wakiifanya kabla rupia haijafika pande hizi, na katika hadithi hiyo yeye mtazamaji ndiye mwenye karatasi ya ruhusa.

Roosevelt aliwinda kwa jina la elimu. Kwa aliyewinda kwa faida inatupasa kushuka kusini kidogo, hadi Mumias. Mji huo wa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyoelekea Karamoja, na mwanzoni mwa karne iliyopita Mskoti Walter Bell aliutumia kama mlango wake wa kuingilia pembe. Bell alikuwa mfanyabiashara hadi kwenye mifupa: aliandika kila risasi na kila mnyama. Hesabu yake ya maisha ni tembo 1,011, wengi wao kwa bunduki nyepesi ambayo wenzake waliidharau.

Siku moja aliwafuata na kuwaua tembo tisa, akapata ratili 1,463 za pembe, thamani yake pauni 877. Tuipasue siku hiyo. Kila tembo alitoa ratili 162, kilo 74 hivi. Kila ratili iliuzwa kama shilingi 12. Kwa kipimo cha wafanyabiashara wa pwani, ambao walikuwa Karamoja kabla yake, ni frasila 42 kasoro kidogo. Na kwa kipimo chetu ni mizigo 25. Siku moja ya bunduki, watu 25 wa kubeba, majuma kadhaa ya kutembea. Kwa bei hiyo mzigo mmoja wa ratili 60 ulikuwa pauni 36, rupia 540. Tukitumia ule mshahara wa rupia 10, kila mpagazi alikuwa amebeba kichwani ujira wake wa miezi 54, na alipofika Mumias aliutua chini.

Bell mwenyewe alitoa gharama yake kwa namna nyingine. Alikadiria kwamba kila dume alilolipata lilimtembeza maili 73, yaani kilomita 117. Ni kama utoke Kitale kwa miguu hadi Bungoma mjini, kisha ugeuke urudi kama nusu ya njia, kwa tembo mmoja. Zidisha kwa 1,011, uwe karibu umeizunguka dunia mara tatu. Alisema alimaliza jozi 24 za viatu kwa mwaka. Mwalimu akauliza wapagazi walimaliza jozi ngapi, akajijibu mwenyewe kwa kutazama miguu yake.

Baada ya hapo hesabu inakimbia. Miaka ya 1970 ilipoanza, tembo wa Kenya walikadiriwa kuwa kama 170,000. Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote, na mwaka uliofuata biashara ya nyara. Ujangili haukusoma tangazo hilo: mwaka 1989 walibaki kama 16,000. Sensa ya 2021 ilihesabu 36,280. Katikati, Aprili 2016, Kenya ilichoma tani 105 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kwa tembo wa Bell, kilo 74 kila mmoja, rundo lile lingetoka kwa wanyama 1,400 tu. Lilitoka kwa maelfu kadhaa. Wenye pembe za kumvunja mtu shingo walitangulia, na warithi wao wana vijiti.

Leo, basi, mtu wa Kitale akitaka kuwinda na rafiki yake? Ng'ambo ya mpaka Uganda ilifungua tena mlango mwaka 2001, kwa majaribio kando ya Ziwa Mburo, na sasa wageni huwinda kwa leseni hata Karamoja ya Bell. Miongoni mwa wanyama wanaowafuata nchini humo ni nzohe, swala wa kwenye matope mwenye kwato ndefu. Upande wetu nzohe huyohuyo alitengewa hifadhi yake mwaka 1974: Saiwa, si mbali na Kitale mjini, kilomita tatu tu za mraba, bwawa na ukanda wa msitu ambao unauzunguka wote kwa miguu. Upande mmoja wa mpaka ana bei akifa. Upande wa pili unalipa kiingilio umchungulie kutoka juu ya dungu.

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 nayo ina namba zake. Kumuua mnyama aliye hatarini kutoweka iliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Kuwinda kitoweo cha nyumbani, shilingi 30,000 au miezi sita. Mtu akiuawa na tembo, familia yake ina haki ya fidia ya milioni 5. Faini na fidia ni vitu viwili tofauti, na mwanasheria atakukemea ukivilinganisha. Lakini nenda Endebess msimu ambao mahindi yamebeba, ukae na wanaolala shambani wakipiga madebe, utasikia mgawanyo huo ukifanywa bila kalamu: nne kwa moja.

Kwa Waogiek wa Chepkitale, juu kabisa ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, hesabu haikuwa ya pesa. Ardhi yao iligeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, na watu waliokuwa wakirina asali na kuchunga huko wakawa wavamizi kwao wenyewe. Iliwachukua hadi Septemba 2022 kupata ushindi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma. Miaka 22. Wale mabwana wa 1909 walipanda mlima huohuo kwa leseni ya mwaka mmoja.

Matatu ilikuwa imebakiza abiria mmoja. Makanga akapandisha magunia mawili ya mahindi juu ya keria, akayafunga kwa kamba ya mpira, akapiga bodi mara mbili. Mwalimu akainua macho juu, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayesali.

"Kilo 180," akasema. "Wapagazi saba. Na bado hawajala."