Dhamira tegemezi ya Kiitaliano na kiishio -e
Kitenzi cha Kiitaliano hunyambuka kwa nafsi, wakati na dhamira. Dhamira arifu (indicativo) ina nyakati nane. Dhamira tegemezi (congiuntivo) ina nne. Kwa mfano, partire, yaani kuondoka: tu parti, 'unaondoka', ni arifu; che tu parta ni tegemezi.

Mfasiri asidhani kwamba umbo tegemezi daima hulingana na kiishio -e cha Kiswahili. Voglio che tu parta ni 'Nataka uondoke', hapa yanalingana. Lakini Credo che Anna parta oggi ni 'Naamini Anna anaondoka leo', wala si 'aondoke', kwani -e ingeigeuza dhana kuwa agizo. Basi kitazamwe kwanza kitenzi kinachotangulia: volere hudokeza matakwa, credere hudokeza dhana.