TUSOME KWANZA, NDIPO TUSEME

Yamezuka mazoea katika mikutano ya hadhara, mabarazani na hata katika makundi ya simu za mkononi, ambayo hatuna budi kuyakemea. Waraka ukitoka, sheria ikipitishwa au gazeti likiandika habari nzito, watu huanza kubishana kabla hata mmoja wao hajausoma waraka wenyewe. Huyu amesoma kichwa cha habari tu, yule amesimuliwa na jirani, na wa tatu amekuja na chuki yake ya zamani. Hoja ikimwishia mtu, huigeukia nasaba ya mwenzake, kabila lake, kisiwa chake au chama chake. Mkutano huvunjika kwa kelele, na jambo lililowakusanya watu hubaki pale pale lilipokuwa.

Wapo wanaodai kwamba dawa ya hali hiyo ni kuwafundisha watu heshima, na wengine hudai kuwa ni adhabu. Heshima ni wajibu, na sheria zina kazi yake. Lakini matusi aghalabu ni dalili tu ya maradhi, na maradhi yenyewe ni uvivu wa kusoma. Watu wawili wakiwa na maandishi mbele yao hushindana juu ya yaliyoandikwa. Wasipokuwa na maandishi hawana cha kushindania ila nafsi zao, na hapo ndipo ulimi usio na mfupa hupata nafasi.

Taifa letu lilikwisha kulitambua jambo hili. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 zikateuliwa wilaya sita za kuanza kuufuta ujinga huo. Ndugu zetu wa visiwani wanastahili kukumbuka kwamba wilaya mbili kati ya hizo zilikuwa visiwa: Mafia katika Bahari ya Hindi na Ukerewe katika Ziwa Victoria. Kufikia mwaka 1986, upimaji wa taifa ulionyesha kuwa watu tisa kati ya kila kumi walijua kusoma na kuandika.

Hata hivyo, kujua herufi hakukuhesabiwa kuwa mwisho wa safari. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya “Mtu ni Afya”, kwa majuma kumi na mawili, chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini kote. Utaratibu wa kikundi ulikuwa rahisi. Kwanza wote walisikiliza kipindi cha redio. Kisha anayejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu cha kampeni kwa sauti, ili asiyejua asiachwe nyuma. Baada ya hapo walijadiliana wakilinganisha yaliyosomwa na hali ya kijiji chao, na mwisho waliazimia kazi ya kufanya. Malaria, kichocho na kuhara vilizungumzwa hivyo, na vyoo vikachimbwa. Mwaka 1975 utaratibu kama huo ulitumika katika kampeni ya “Chakula ni Uhai”.

Tuutazame vizuri mpangilio huo: kusikiliza, kusoma, kujadili, kuazimia. Kusema kuliwekwa nafasi ya tatu. Mzee asiyejua herufi na kijana aliyetoka shuleni walikuwa wamesikia maneno yale yale, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdharau mwenzake kwa kuwa na habari za pekee. Na kwa kuwa mwisho wa mazungumzo ulikuwa kazi, maneno ya bure yalikosa faida.

Adabu hiyo haikuwa ngeni kwetu. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani hukalishwa mbele ya mwalimu wake na kusahihishwa herufi moja moja, na wala haulizwi maoni yake juu ya maana kabla hajaweza kutamka ipasavyo. Huko Unguja na Pemba, watu wamezoea kukutana barazani kwa kahawa, mmoja akasoma gazeti na wengine wakasikiliza, ndipo mazungumzo yakaanza. Ukikatiza msomaji kabla hajamaliza habari, wakubwa hukunyamazisha. Huo ni utamaduni wetu wenyewe, na ni aibu kuuacha ukapotea.

Hapa Kondoa tunao mfano wa suala zito linalodai adabu ya namna hiyo. Ardhi ya vilima vyetu, tangu Kolo hadi Haubi, iliharibiwa na mmomonyoko hata makorongo yakameza mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973. Mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,256. Ng’ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000 waliondolewa. Miti na majani yakarudi vilimani. Wakati huo huo familia nyingi zilikosa maziwa, samadi na maksai wa kulimia, na wengine walihama pamoja na mifugo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo ilipoanza kuruhusiwa mifugo michache, ifugwe zizini.

Suala hilo likizungumzwa, ni rahisi mmoja akasema ilikuwa dhuluma tupu, na mwingine akasema ilikuwa neema tupu. Kila mmoja ameshika kipande cha kweli na kumwita mwenzake mwongo. Mambo yaliyofanyika katika vilima hivi yameandikwa kwa wingi na wataalamu wa misitu, wa udongo na wa maisha ya jamii. Anayeyasoma hupata yote mawili, faida na hasara, na akiisha kuyapata hawezi tena kumtukana mtu aliyepoteza zizi lake, wala kumkejeli aliyepanda miti.

Sasa tuwageukie viongozi na watumishi wa Serikali, kwa kuwa lawama si ya wananchi peke yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kugawa ardhi. Idhini ya watu ambao hawakusomewa lolote ni idhini gani? Mtendaji akisimama na kusoma jumla ya mapato na matumizi kwa haraka, kisha akaifunga karatasi mkobani, asishangae mkutano ukijaa uvumi. Na mwananchi akiomba asomewe tena kifungu fulani, kumwita mchochezi ni utovu wa adabu kuliko hata tusi la mlevi. Kuuliza si ujinga, wala si uasi. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, na kwa hiyo kisingizio cha lugha kinazidi kukosa uzito.

Tunashauri mambo matatu. Nakala ya jambo litakalojadiliwa ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji au ya sheha siku kadhaa kabla ya mkutano. Siku ya mkutano isomwe yote kwa sauti, polepole, kabla ya mtu yeyote kupewa nafasi ya kusema. Na mwenyekiti awe na haki ya kumwuliza kila msemaji, awe mkulima au mkuu, swali moja: “Ndugu, maneno hayo yako katika kifungu gani?”

Asiye na jibu atakaa chini bila kutukanwa, na mwenye jibu atasikilizwa hata kama hatupendi anayoyasema. Wazee wetu waliweza kufanya hivyo kwa redio moja na kitabu kimoja chini ya mwembe. Sisi tulio na maandishi mengi kuliko wao hatuna udhuru.