Kushindwa bila Kushindwa: Mfano kutoka Mchezo wa Besiboli

Kitenzi "kushindwa" kina maana mbili ambazo wanafunzi wa Kiswahili huzichanganya. Maana ya kwanza ni kuzidiwa na mpinzani, kama katika sentensi: "Timu yetu ilishindwa na wageni." Maana ya pili ni kutoweza kufanya jambo: "Alishindwa kuinua mzigo." Je, mtu anaweza kushindwa kwa maana ya kwanza bila kushindwa kwa maana ya pili? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa mfano wa besiboli, mchezo unaopendwa sana nchini Marekani.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Timu mbili hupokezana zamu. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine, naye hujaribu kuupiga kwa rungu na kukimbia. Akivizunguka vituo vyote vinne na kurudi alikoanzia, timu yake hupata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu huisha. Kila timu hupata zamu 9, na matokeo yakiwa sare, zamu huongezwa. Mrushaji asiporuhusu mpigaji hata mmoja kufika kituo cha kwanza mchezo mzima, husemwa amerusha mchezo kamili. Jambo hilo ni adimu mno.

Tarehe 26 Mei 1959, mjini Milwaukee, Harvey Haddix wa timu ya Pittsburgh Pirates aliwatoa wapigaji 36 wa Milwaukee Braves mfululizo, yaani zamu 12 kamili. Wapigaji 27 wangetosha kuumaliza mchezo wa kawaida. Hata hivyo, wenzake waliupiga mpira salama mara 12 bila kupata pointi, kwani Lew Burdette, mrushaji wa Braves, naye hakulegea.

Katika zamu ya 13, Don Hoak, mlinzi wa kituo cha tatu wa Pirates, aliurusha mpira vibaya, na Felix Mantilla akafika kituo cha kwanza. Eddie Mathews alijitoa mhanga kwa kuugusa mpira kidogo ili Mantilla asogee kituo cha pili. Hank Aaron, mpigaji hatari, alipewa kituo cha kwanza kwa makusudi. Kisha Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka ukuta. Katika shamrashamra hizo Aaron aliiacha njia ya vituo na Adcock akampita, jambo lisiloruhusiwa. Kwa hiyo ni pointi ya Mantilla peke yake iliyohesabiwa. Braves walishinda 1 kwa 0.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kwa desturi ya besiboli, mchezo ukipata mshindi, mrushaji mmoja huandikiwa ushindi na mwingine kushindwa. Usiku huo jina la Haddix liliwekwa upande wa walioshindwa. Aidha, mwaka 1991 kamati ya ligi kuu ilifafanua upya kwamba mchezo usio na pigo salama lazima uwe hivyo hadi mwisho wake. Kwa kuwa Adcock alipiga katika zamu ya 13, mchezo wa Haddix ukaondolewa katika orodha hiyo. Mpira uliorushwa mwaka 1959 haukubadilika. Kilichobadilika ni maana ya istilahi.

Haddix hakuwa peke yake. Tarehe 23 Aprili 1964, Ken Johnson wa Houston alirusha zamu zote 9 bila kuruhusu pigo hata moja salama, lakini akafungwa 1 kwa 0 na Cincinnati. Kosa lake mwenyewe la kurusha na kosa la mwenzake, Nellie Fox, ndiyo yaliyozaa pointi hiyo.

Hivyo basi, jibu la swali letu ni ndiyo. Haddix alishindwa na Braves, lakini hakushindwa kurusha. Ndugu walimu, sentensi hiyo moja yaweza kuandikwa ubaoni na wanafunzi wakatakiwa kueleza tofauti ya vitenzi vyake viwili. Huenda pia ikawafaa wakati wa kusoma matokeo ya mitihani, kwani alama husema aliyefikia kiwango na asiyekifikia, lakini hazisemi kila alichokiweza mtu.