Spesa ya Kabureta katika Motokaa za Zamani

Wenye motokaa za zamani wa upande wa Mgeta wamekwisha kuliona jambo hili kwa macho yao, ingawa pengine hawakuelezwa sababu yake. Gari hutoka Mlali asubuhi, likapanda mpaka Nyandira pasipo taabu. Huko likazimwa ili lipakiwe kabichi na viazi. Baada ya robo saa dereva apiga stata, injini yazunguka lakini haiwaki, na harufu ya petroli yajaa chini ya boneti. Siku moja tulikuwa katika Land Rover ya namna hiyo, na nyuma yetu alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akishushwa hospitali mjini Morogoro. Tulisimama kidogo njiani kumpakia dada yake, injini ikagoma karibu nusu saa. Mama alifika salama, akajifungua usiku ule ule. Lakini nusu saa ile hatujaisahau.

Sababu yenyewe ni joto. Katika injini ya petroli ya Land Rover yenye ujazo wa sentimeta 2,286, iliyoanza kutumika mwaka 1958, bomba la kutolea moshi na bomba la kuvutia hewa yako upande mmoja, nayo kabureta imekaa juu yake. Gari likienda, feni huleta upepo, tena petroli igeukapo mvuke huipoza kabureta, kama spiriti ipozavyo ngozi kabla ya sindano. Gari likizimwa, feni husimama, petroli haipiti tena, na joto lote la chini hupanda juu. Basi yafaa kukumbuka kwamba petroli si kama maji. Sehemu zake zilizo nyepesi huanza kuchemka kwenye digrii 40 hivi, na kadiri tunavyopanda mlima ndivyo inavyochemka upesi zaidi. Hata maji ya chai huko Nyandira huchemka kwa digrii 95 hivi, si 100. Petroli ikichemka katika bakuli la kabureta hufurika, ikadondoka ndani ya injini, ikalowesha plagi.

Spesa ni kipande bapa chenye tundu, unene wake mara nyingi milimeta 6 hata 25, kinachowekwa kati ya kabureta na bomba la kuvutia hewa. Kazi yake ni ile ya mpini wa mti katika kikaango: moto uko upande huu, mkono uko upande huu, na mti hauruhusu joto kupita upesi. Kwa hiyo kitu alichotengenezewa spesa ndicho kiini cha shauri lote. Iliyo bora ni ya bakelaiti, ile aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, au ya namna nyingine ya plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa joto wala kuharibiwa na petroli. Ya alumini hung'aa na kupendeza machoni, walakini alumini hupitisha joto kuliko chuma. Aliyeinunua ili kuzuia joto amenunua kikaango chenye mpini wa kikaango. Mbao ngumu nazo huzuia joto, na fundi mwenye kipande cha mninga huenda akashawishika. Lakini mti hukauka na kupasuka, kisha hewa ikapenya.

Wauzaji husema pia kwamba spesa huongeza nguvu. Neno hili lina ukweli kidogo, maana njia ya hewa huwa ndefu na pana zaidi, na katika injini kubwa za silinda 8 zinazozunguka kwa kasi faida yake hupimika. Kwa Land Rover iliyojaa viazi, ikipanda kwa gia ya pili, sisi hatukuona tofauti yoyote. Nguvu inayopotea mlimani hupotea kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi, kwa karibu sehemu 15 katika mia, na hakuna kipande cha bakelaiti kitakachoirudisha.

Katika kuifunga, jambo la hatari ni fimbo za akselereta. Kabureta ikiinuliwa, fimbo hizo hukaa vibaya. Zisiporekebishwa, akselereta yaweza kukwama wakati gari linashuka kona za Mgeta. Fundi na aikanyage mara nyingi injini ikiwa imezimwa, aone kama hurudi yenyewe mpaka mwisho. Bolti ziwe ndefu kutosha, gasketi ziwe mpya juu na chini, na nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, maana bakelaiti huvunjika. Ili kujua kama boneti itafunga, aweke donge la udongo laini juu ya chujio la hewa, afunge boneti, kisha atazame donge limebanwa kiasi gani. Mwisho apake maji ya sabuni kwenye maungio injini ikinguruma polepole: mlio ukibadilika, hewa yaingia. Asijaribu kwa petroli kamwe.

Tena spesa haiponyi kila ugonjwa. Gari likizimika lenyewe katikati ya mlima, huenda mapovu ya mvuke yamekaa katika pampu au bomba la petroli lililopita karibu na moto. Hapo dawa ni kulihamisha bomba. Na dereva asiye na spesa, injini ikigoma baada ya kusimama, na afungue boneti, angoje dakika kumi, kisha akanyage akselereta mpaka chini na kuishikilia hapo, pasipo kuipampu, huku akipiga stata.