Watumwa wasiopiga kura walivyoamua rais wa Marekani

Na Mwandishi Wetu

WENGI wamesikia kwamba Katiba ya Marekani iliwahi kumhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu tu kati ya tano za mtu. Wengi pia hudhani kuwa wenye watumwa ndio waliotaka hesabu hiyo ipunguzwe. Ukweli ni kinyume chake.

Wajumbe walipokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba, walikubaliana kwamba viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa kufuata idadi ya watu wa kila jimbo. Hapo ndipo mabishano yalipozuka.

Wajumbe wa Carolina Kusini na Georgia walitaka watumwa wahesabiwe wote. Elbridge Gerry wa Massachusetts alihoji: ikiwa mtumwa ni mali, kwa nini ahesabiwe, ilhali ng'ombe na farasi wa kaskazini hawahesabiwi?

Mwafaka uliofikiwa ni kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Hata hivyo, neno "mtumwa" halikuandikwa. Katiba iliwataja kuwa ni "watu wengine".

Uzito wa kura

Miaka ya mwanzo ya jamhuri hiyo, kiti kimoja cha Baraza kilitolewa kwa kila watu 33,000. Hivyo, watumwa 55,000 walitosha kulipatia jimbo lao kiti kizima, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kupiga kura.

Athari zake hazikuishia bungeni. Rais huchaguliwa na wajumbe maalumu, na idadi ya wajumbe wa kila jimbo hulingana na jumla ya wawakilishi na maseneta wake. Kwa njia hiyo, watumwa waliongeza uzito wa mabwana zao hata katika kumpata rais.

Katika uchaguzi wa mwaka 1800, Thomas Jefferson wa Virginia na mwenzake Aaron Burr walipata kura 73 kila mmoja, na Rais John Adams akapata 65. Baraza la Wawakilishi lililazimika kupiga kura mara 36 kabla ya Jefferson kutangazwa mshindi, Februari 17, 1801. Hesabu za wanahistoria wengi zinaonyesha kuwa Adams angeshinda iwapo watumwa wasingehesabiwa.

Sensa ya mwaka 1800 ilionyesha kuwa Pennsylvania ilikuwa na watu huru wengi kuliko Virginia. Lakini uchaguzi wa 1804 ulipofika, Virginia ilikuwa na kura 24, na Pennsylvania 20. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, Wavirginia wanne, wote wakimiliki watumwa, walitawala kwa miaka 32.

Ardhi mpya, mgogoro mpya

Mwaka 1803 Jefferson alinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, na eneo la nchi likakaribia kuongezeka maradufu. Wenyeji wa asili walioishi humo hawakuulizwa.

Kila jimbo jipya lenye watumwa lilimaanisha viti zaidi kwa kusini. Ndiyo maana ombi la Missouri la kuwa jimbo lilizua mvutano mkali, hadi mwaka 1820 ilipoamuliwa kwamba Missouri iingie na watumwa wake, na Maine iingie bila utumwa.

Kwa watumwa wenyewe, upanuzi huo ulimaanisha kutenganishwa. Uingizaji wa watumwa kutoka nje ulipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1808, lakini biashara ya ndani ilistawi. Waume, wake na watoto waliuzwa kutoka Virginia na Maryland, wengi wakitembezwa kwa miguu wakiwa katika minyororo hadi mashamba ya pamba ya Alabama na Mississippi.

Pamba waliyoichuma ililisha viwanda vya nguo vya kaskazini. Baadhi ya vitambaa vya viwanda hivyo vilifika hadi Zanzibar, na jina la merikani, wanaloliita wakazi wa pwani, linatokana na nchi vilikotoka.

Utumwa ulifutwa mwaka 1865, na mwaka 1868 Katiba ikaagiza idadi ya watu wa kila jimbo ihesabiwe kwa ukamilifu. Hata hivyo, utaratibu wa kumchagua rais kupitia wajumbe wa majimbo unatumika hadi leo.