Unga wa kukosea

Mpishi wa omena hapa Rusinga hufuata mpango hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Kwanza huwaosha kwa maji moto ili mchanga utoke, kisha hukaanga kitunguu, hutia nyanya, ndipo omena waingie. Akiugeuza utaratibu huo, walaji watatafuna mchanga. Kwenye ugali nako, unga hauingii mpaka maji yachemke, na mwiko haupumziki hadi ugali ushikamane. Basi mwanafunzi amekwisha kupata mfululizo wa maagizo, sharti na marudio, mambo matatu ambayo waandishi wa programu huyategemea kote duniani.

Kwa sababu hiyo wako walimu wasemao kuwa michezo ya kompyuta ni anasa, jiko latosha. Hoja hiyo ina uzito, ila mimi siikubali yote.

Tuutazame mchezo uitwao Automachef, uliotolewa mwaka 2019. Mchezaji hapiki kwa mkono wake. Hupanga mashine na mikanda ya kusafirishia vyakula, na mambo yanapokuwa magumu huziandikia mashine maagizo, ili wateja wahudumiwe pasipo kupoteza chakula wala umeme. Akikosea, vyakula hurundikana mahali pasipofaa. Naye hubadilisha agizo moja tu, akaanza upya. (Omena hawamo katika mchezo huo, wala sikutarajia wawemo.)

Jiko la nyumbani halina huruma hiyo. Ni mama yupi atakayempa mtoto pakiti ya unga aiharibu mara saba, almuradi agundue ni agizo lipi lililokosewa? Aghalabu mtoto huachiwa sufuria akishajua kupika, si ili ajue. Tena huachiwa msichana. Mvulana hutumwa kwingine, na jioni ndiye mwenye nafasi ya kuchezea simu. Hivyo mwenye nidhamu ya utaratibu hapati chombo cha kujaribia, na mwenye chombo hajui maji huchemka lini.

Serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, na mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikaidhinisha silabasi ya usimbaji. Kifaa kilichofungiwa kabatini kisije kikaharibika kinanyimwa kazi yake iliyo bora, yaani kukosewa bila hasara. Wala si lazima shule inunue mchezo. Programu ya Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure. Ikishapakiwa katika kompyuta haihitaji intaneti, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake.

Mwalimu na awaweke wawili wawili, msichana na mvulana, watunge mchezo wa kupika omena. Msichana ataje hatua, mvulana azipange kwenye kioo, kisha wabadilishane. Yule atakayesahau kuwaosha, kompyuta imwonyeshe sahani yenye mchanga.